Sura ya Sita: Ngumi ya Bahati

Kifua cha marehemu kilikuwa safi mno, na usafi huo ndio uliomkera Eufemia Lucero.

Alikuwa ameinama juu ya meza ya chumba cha maiti, mikono nyuma, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani huku hana nia ya kununua. Kwa miaka yake yote ya upelelezi katika ofisi ya sherifu alikuwa ameona maiti wengi wa ajali za magari, na kila aliyekufa akiwa amefunga mkanda alikufa na mchirizi mwekundu kutoka begani hadi kiunoni, mfano wa mtu aliyechapwa fimbo na malaika. Bi Winifred Stroud hakuwa nao. Alikuwa mwalimu wa muziki mstaafu, mjane, mwenye nywele nyeupe zilizosukwa vizuri kuliko za Lucero. Juzi asubuhi alipanda roketi ya kampuni ya Alta Paloma pamoja na abiria wenzake watatu. Wakaelea huko juu dakika chache kama vipande vya pamba, wakarudi. Wenzake walishuka kwa miguu yao. Yeye alishushwa.

"Parachuti zilipofunguka, chombo kiliyumba kama kengele ya kanisa," daktari akasema. "Akarushwa kutoka kitini, akagonga ukuta kwa kichwa. Shingo ikavunjika hapohapo. Kwa hiyo hakufunga mkanda."

"Kwa hiyo mkanda haukumshika," Lucero alisema.

"Si ndiyo yaleyale?"

"Kamuulize mtu aliyefunga mlango akaamka asubuhi ng'ombe hayupo."

Simu ikalia. Sherifu. Lucero alitoka hadi ukumbini kuipokea, kwa sababu hakutaka kuongea na Sherifu mbele ya mtu mwenye heshima zake, hata kama mtu huyo alikuwa amelala chini ya shuka.

"Lucero, mama yangu, umemaliza?"

"Ndiyo kwanza naanza."

"Anza upesi umalize upesi. Kampuni inataka neno la ofisi yetu kabla ya jioni. Bibi hakufunga mkanda, kosa lake mwenyewe, Mungu amlaze pema. Jumamosi wanaruka tena."

"Na nikikuta vingine?"

Sherifu alivuta pumzi kama mtu anayebebeshwa gunia. "Kabla ya hao watu kuja, kaunti hii ilikuwa na mbuzi na vumbi. Vumbi lilikuwa jingi zaidi. Umenielewa?"

Alimwelewa sana. Akisema ni kosa la bibi, keshokutwa watu wengine wanne watakaa kwenye viti vilevile, wajifunge mikanda ileile, wapelekwe juu. Akisema vingine, awe na la kuonyesha.

Naibu wake, Clovis Tafoya, alikuwa akimsubiri garini na burito, chapati iliyoviringishiwa nyama na pilipili ya kijani, iliyofungwa kwenye karatasi yenye picha ya roketi. Katika mji huu hata burito iliitwa Roketi, na ukiila bila uangalifu ilikupeleka mbali vilevile.

"Umewaona wale abiria watatu?" Lucero aliuliza.

"Wote, bosi. Yule mfugaji, mkewe, na yule wa kuuza nyumba. Wazima kama chuma. Kila mmoja ana mchirizi wa mkanda." Tafoya alimeza. "Na kila mmoja ana kingine. Hapa, chini kidogo ya moyo. Damu imevilia, ukubwa wa ngumi. Nikasema, jamani, mlipigana huko juu?"

"Wakasemaje?"

"Wakacheka. Ati ni ngumi ya bahati. Mkishajifunga kurudi, mnajipiga kifua na kupaza sauti 'Nyumbani!' Yule mfugaji akanionyesha pale kwenye korido ya hospitali, mpaka muuguzi akaja mbio akidhani moyo umesimama."

"Bi Winifred hana alama ya ngumi," Lucero alisema, akawasha gari.

"Mwalimu wa muziki, bosi. Alikuwa mstaarabu. Sisi wengine ndio tunajipiga."

Ukumbi wa mapokezi wa Alta Paloma ulikuwa na ubaridi wa duka la nyama. Kwenye meza moja waliweka picha ya Bi Winifred akitabasamu, na maua meupe. Hatua mbili kutoka kwenye maua, chuma cha nguo kilining'iniza fulana zenye picha ya ngumi juu ya kifua na neno NYUMBANI. Fulana mbili zilikuwa zimesogea zikagusa maua. Hakuna aliyejisumbua kuzirudisha nyuma.

Aliyewapokea ni Brice Langford, mkurugenzi wa usalama. Mtu mrefu, meno yake meupe kama sahani mpya, buti za ng'ombe ambazo hazijawahi kukanyaga mavi ya ng'ombe.

"Tumeumia sana," alisema, mkono kifuani. "Sisi hapa ni familia."

"Poleni," Tafoya akajibu, macho kwenye fulana. "Naona duka la familia limefunguliwa mapema."

Langford hakucheka. Aliwapeleka kwenye chumba chenye kioo kikubwa cha televisheni, na njia nzima alikuwa akihubiri.

"Afande, anga si basi la shule. Roketi ni bomu lenye adabu, na siku moja moja adabu huliishia. Abiria tunamwambia hivyo, kwa maneno hayohayo, tena na tena, mpaka anachoka kutusikia. Anakubali. Na sheria inasema mtu mzima akishaambiwa hatari na akaikubali, hatari ni yake."

"Akishaambiwa," Lucero alisema.

"Naam."

"Endelea tu. Nilitaka nilisikie vizuri."

Video ilikuwa ya kamera ya ndani ya chombo, ileile ambayo abiria hupewa kama kumbukumbu. Wakawaona wanne wanaelea. Mfugaji anapiga makasia hewani kama chura. Mkewe analia na kucheka. Bi Winifred, suka lake limesimama wima juu ya kichwa, anatoa kifuko kidogo cha kitambaa shingoni, anakiachia, kinaelea mbele ya dirisha. Midomo yake inatembea. Anaongea nacho.

Langford alisimamisha video hapo. "Sikutaka kumsema marehemu vibaya."

"Basi usimseme," alisema Lucero.

"Lakini lazima nikuonyeshe. Hicho kifuko ni majivu ya mumewe. Alikiingiza kwa siri, ndani ya nguo. Hatukukiruhusu. Ninachoamini ni kwamba kilimwingilia kwenye bizimu la mkanda wakati wa kujifunga. Kitambaa kikazuia. Maskini." Alitikisa kichwa. "Mapenzi yalimuua. Ni hadithi nzuri, ukiitazama kwa upande mwingine."

Tafoya aliacha kutafuna. Lucero alimtazama Langford kwa muda, jinsi mtu anavyotazama soli ya kiatu baada ya kukanyaga kitu.

"Endesha," alisema. "Polepole."

Video ikaenda. Taa ya njano ikawaka ndani ya chombo, sauti ikawaambia warudi vitini. Bi Winifred alikuwa wa kwanza kurudi. Wa kwanza! Alikamata kifuko chake hewani, akakibusu, akainama, akakitia kwenye mfuko wa suruali, chini ya goti, akaufunga zipu. Kisha akakaa, akavuta mkanda, akachomeka ulimi wake kwenye bizimu kifuani. Mlio mdogo ukasikika: tk.

"Kifuko kiko gotini," alisema Lucero. "Bizimu liko kifuani. Mapenzi yamefika mbali, Bwana Langford, lakini si umbali huo."

Langford alijikohoza. "Pengine hakusukuma mpaka mwisho."

"Umesikia ule mlio?"

"Nimeusikia."

"Basi alisukuma. Endesha."

Sasa wote wanne walikuwa wamejifunga. Mfugaji akanyanyua ngumi, akaitwanga kifuani kama mtu anayeua mbu wa maisha yake. "Nyumbani!" Mkewe akafuata, kwa nguvu zilezile. Muuza nyumba akajitwanga hadi akakohoa. Bi Winifred naye akaikunja ngumi, akacheka kwa aibu, akajigonga kifuani kwa vifundo vya vidole, mara moja, taratibu, mfano wa mtu anayebisha hodi kwa jirani mgonjwa. "Nyumbani," alisema.

Kisha chombo kikayumba. Mkanda wake ukafunguka kama mlango usio na komeo.

Tafoya alivua kofia. Lucero hakumwambia mtu asimamishe video, ila aliinuka akasimama mbele ya kioo mpaka ikaisha yenyewe.

"Huu mchezo wa ngumi nani aliuanzisha?" aliuliza, bado amewapa mgongo.

"Abiria wenyewe. Wale wa safari za mwanzo. Furaha ya kurudi." Langford alikuwa akitazama ncha za buti zake. "Ni morali tu. Mambo ya bahati mimi siyajui, afande. Mimi ni mhandisi."

"Siyo sehemu ya kujifunga?"

"Hapana, hapana. Ukishasikia mlio umeshafunga. Ngumi ni sherehe."

"Umesema sherehe."

"Sherehe tu."

"Sawa. Kuna mahali mnawafundishia?"

Jengo la mafunzo lilikuwa upande wa pili wa uwanja, bati tupu, na ndani yake viti vinne vilivyopangwa duara kama vile vya kwenye chombo. Kikundi cha Jumamosi kilikuwa kimeenda kula. Aliyebaki alikuwa mzee mmoja tu, na mkufunzi wake.

Mzee alikuwa Orrin Pruitt. Alichimba madini ya potashi chini ya ardhi ya Carlsbad mpaka mapafu yalipomwambia basi, na sasa mikono yake ilitetemeka hata ikiwa imelala. Mkufunzi alikuwa Kaylene Moody, mwanamke mnene mchangamfu, sauti yake ya kuongozea kwaya.

"Tena, mzee!" alikuwa akisema. "Kwa furaha! Kwa nguvu!"

Mzee alijigonga kifuani. Mkono ulitetemeka njiani ukatua kama jani.

"Mzee Pruitt, hiyo ni ngumi au unajipapasa?"

"Binti, ukifika umri wangu utashukuru hata kwa kupapaswa." Akawaona askari. "Aa! Wamekuja kunikamata kabla sijatoroka dunia."

"Eufemia Lucero, ofisi ya sherifu. Shikamoo, mzee. Unaruka Jumamosi?"

"Marahaba, mwanangu. Ningeruka juzi, na Winnie. Tulifundishwa pamoja. Kikohozi kikanishika, wakanisogeza mbele." Kicheko kilimtoka usoni. "Mnakuja kuniambia kwamba ni hatari? Najua. Miaka yote nilishuka ardhini kila asubuhi nikiwa na dari la chumvi juu ya kichwa. Ninajua maana ya kukubali. Nimewaambia wanangu: mzee wenu akilipuka, msilie, nendeni mkale."

"Hilo sikuja kukuambia. Hiyo ngumi ni ya nini?"

"Ya bahati."

"Usipoipiga vizuri?"

Mzee akamtazama mkufunzi. Mkufunzi akacheka. "Basi hupati bahati, afande!"

"Niazime kiti," Lucero akamwambia mzee, naye akampisha.

Alikaa. Alivuta mkanda, akachomeka ulimi kwenye bizimu. Tk. Mlio uleule wa kwenye video. Kisha akakunja ngumi, akajigonga kwa vifundo vya vidole, taratibu.

"Tafoya. Vuta."

"Bosi, watu wanatazama."

"Vuta kana kwamba ng'ombe wa baba yako yuko upande wa pili."

Tafoya akashika mkanda, akavuta. Bizimu likaachia, naye akaanguka matako sakafuni.

Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

Lucero alichomeka tena. Tk. Safari hii alijitwanga ngumi ya nguvu katikati ya bizimu. Hakuna kitu. Akatwanga juu. Hakuna kitu. Akatwanga pembe ya chini, kushoto. Ndani ya chuma kukasikika mlio wa pili, mzito, wa kina: tok. Kama jino lililong'ata.

"Vuta."

Tafoya alivuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Mkanda haukutikisika.

"Mlio wa kwanza ni ulimi kuingia," Lucero alisema polepole. "Wa pili ndio wa kushika. Na wa pili hauji bila ngumi."

Akajaribu kiti cha pili. Kikashika bila ngumi. Cha tatu kikataa mpaka kilipotwangwa. Cha nne kilishika mara moja, kikakataa mara nyingine, kwa tabia ya punda.

Kaylene alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. "Afande, mimi sikujua. Wallahi... naapa kwa mama yangu. Nilipoajiriwa nilikuta hivyo. Niliambiwa: wafundishe wapige kwa nguvu, chini kidogo ya moyo, upande huu, na wafanye wakicheka. Nikadhani ni mambo ya matangazo."

"Aliyekuambia ni nani?"

"Yule aliyenitangulia. Naye alikuta hivyo."

Ndiyo kazi ya desturi: ikishakomaa haina mzazi. Lucero alijua kwamba akienda na haya peke yake, Langford atafungua yale meno yake na kusema naye hakujua, kwamba abiria waliianzisha, kwamba bizimu limeharibika juzi tu. Na Sherifu atamwamini, maana Sherifu humwamini kila anayemletea keki. Viti vingebadilishiwa bizimu moja, na Jumamosi wangeruka.

"Kaylene, mwite Bwana Langford. Mwambie askari ni mshamba, hajaelewa namna ya kujifunga, anataka kuonyeshwa. Usiseme lingine lolote. Unaweza?"

"Naweza."

"Tabasamu ukiwa unasema."

"Hiyo ndiyo kazi yangu," Kaylene akajibu, na sauti yake ya kwaya ilikuwa imepasuka.

Langford alikuja akitazama saa. Lucero alimpokea kwa uso wa mtu aliyepotea sokoni.

"Nisamehe, bwana. Naandika ripoti ya Sherifu na sitaki kukosea. Nionyeshe wewe mwenyewe mtu anavyojifunga, mwanzo hadi mwisho. Mimi mashine hata ya kahawa inanishinda."

"Ni rahisi kabisa." Alikaa kwenye kiti cha tatu, akavuta mkanda huku akiongea, macho kwa Lucero, meno nje. "Unaleta huu huku, unachomeka, unasikia mlio..." Tk. "...na mara moja kompyuta ya chombo inajua umekaa, na kwa kweli mfumo wetu unasifiwa..."

Mkono wake wa kulia ulikuwa umepanda peke yake. Ulishuka upesi, mfupi, mkavu, pembe ya chini ya bizimu, kushoto. Tok. Kisha vidole viwili vikauvuta mkanda kidogo, kuhakikisha.

"...hata nje ya nchi," alimalizia.

Nje upepo ulikuwa ukikwaruza bati.

"Mbona hukusema 'Nyumbani'?" Lucero aliuliza.

"Nini?"

"Sherehe. Hukusema, wala hukucheka. Abiria wako wote wanatwanga kifua kwa nguvu zote, wanapayuka. Wewe umepiga mahali pamoja tu, hapo panapotakiwa, halafu ukavuta kuona kama umeshika. Mhandisi asiyejua mambo ya bahati."

Langford aliutazama mkono wake kana kwamba umemsemea kwa mwalimu.

"Afande, hebu tuongee pembeni."

"Tuko pembeni. Hapa ni jangwani."

Alijaribu kufungua mkanda. Vidole vikateleza. Tafoya alisogea akasimama karibu naye, simu mkononi, hakumsaidia.

"Sikilizeni," Langford alisema. Sauti ilikuwa imeshuka, imekuwa ya busara, ya mikutanoni. "Kila chombo kina kasoro. Kila kimoja. Anayesubiri chombo kisicho na kasoro hafiki popote. Bizimu lilikuwa linakwama, si mara zote. Kulibadilisha maana yake kuvipima viti vyote upya, mwaka mzima tuko chini. Kukatokea njia: pigo moja na linashika. Daima linashika. Tukakaa, tukaipima hatari, tukaikubali."

"Tu-kaikubali. Nani?"

"Wataalamu. Kwenye meza ya usalama."

"Bi Winifred alikalia kiti kipi kwenye meza hiyo?"

Langford alirudi kuhangaika na mkanda.

"Kwa nini hamkuwaambia tu? 'Jamani, mkanda huu unakwama, ukishachomeka upige hapa.'"

"Mtu ameshapanda, taa zinawaka, moyo unamwenda mbio. Unamwambia mkanda wake mbovu? Atafikiria nini kuhusu vingine? Kwa hiyo mtu mmoja kwenye mkutano, sikumbuki nani, akasema tuifanye iwe furaha. Na ilifanya kazi! Safari zote ilifanya kazi."

"Kwa sababu wote walikuwa na furaha ya kutosha," alisema Lucero. Alikuwa akiongea kwa upole, na Tafoya, aliyemjua, akarudi nyuma hatua moja. "Uhai wa abiria wako ulipimwa kwa kicheko chake. Mwenye kelele anaishi. Mwenye haya anakufa. Na baada ya kumuua ukanipangia hadithi ya majivu ya mumewe. Ukasema ni nzuri."

"Hatukukusudia..."

"Nyamaza kidogo. Nina kichefuchefu, na ukiongea kinazidi."

Alitoa simu. Sherifu alipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Umemaliza, mama yangu?"

"Nimemaliza. Bi Winifred alijifunga kama alivyofundishwa. Viti ni vibovu na walijua. Nachukua mabizimu yote manne ya chombo na haya ya mafunzo, na nakuletea mkurugenzi wao. Jumamosi haruki mtu."

"Lucero, hebu subiri kwanza tuzungumze na..."

"Tafoya amerekodi maneno yote, ameshayatuma kwa mwendesha mashtaka. Vijana wa leo, mkuu, hawana subira." Akakata.

Tafoya akamnong'oneza, "Bosi, nilikuwa sijatuma."

"Basi tuma."

Ilikuwa wakati huo ndipo walipomkumbuka mzee Pruitt. Alikuwa amerudi kwenye kiti chake, amechomeka mkanda, mikono mapajani, inatetemeka kama ndege wawili wenye baridi. Aliukunja mmoja kuwa ngumi, akajigonga pembe ya chini ya bizimu, kushoto. Hakuna mlio. Akajigonga tena. Hakuna. Mara ya tatu alitumia mikono yote miwili, akakunja uso, akajipiga kwa kila alichonacho. Bizimu likabaki kimya.

"Bwana Langford," alisema. Hakupaza sauti. "Mimi na Winnie tulikaa hapa siku nzima. Aliniuliza, 'Orrin, hii ngumi lazima iwe kali?' Nikamwambia, 'Winnie, ni mchezo wa watoto, gusa tu.' Mimi ndiye niliyemwambia gusa tu."

"Mzee..."

"Yule mwanamke alipiga piano kanisani maisha yake yote. Alikuwa na mikono ya mfua chuma. Ungemwambia sentensi moja angelipiga hilo dude mpaka likalia. Sentensi moja tu, kijana."

"Angeogopa," Langford alisema. "Pengine asingepanda."

Mzee alicheka kicheko kifupi kilichogeuka kikohozi. "Alikubali kukalia moto mrefu kuliko mnara wa kanisa. Aogope mkanda?"

Tafoya alimfungulia Langford mkanda hatimaye, akamshika kiwiko, akamtoa nje kwenye jua. Buti zake mpya zilikwaruza saruji mpaka mlangoni. Lucero alibaki kung'oa bizimu la kwanza kwa bisibisi ya Kaylene, akalitia kwenye mfuko wa ushahidi.

"Pole, mzee," alisema. "Nimekuharibia safari."

"Hujaniharibia. Mimi bado nataka kwenda." Aliona macho ya Lucero, akainua kidevu. "Ndiyo, nataka! Mapafu yangu hayana muda wa kusubiri dunia iwe salama. Walitengeneze, nitapanda. Wasipolitengeneza wakaniambia, pengine pia nitapanda, nije na nyundo. Lakini nataka nijue nimekubali nini."

Alimgeukia mkufunzi, aliyekuwa amesimama katikati ya viti vinne, kitambulisho cha kampuni kikining'inia shingoni, bila tabasamu hata chembe.

"Kaylene, mwanangu. Vile vitu vingine mnavyotufundisha tuvifanye tukicheka. Ule wimbo wa kabla ya mlango kufungwa. Kule kupuliza kwenye dirisha. Kule kukanyaga sakafu kwa pamoja wakati wa kuondoka." Akalionyesha bizimu kwa kidole. "Vyote ni sherehe?"

Kaylene alitazama mlango alikotolewa Langford. Kisha akavuta kiti, akakaa mbele ya mzee, na Lucero akairudisha bisibisi mezani ili asikilize.